KIJIKO NI KAMYO, MILIGRAMU NDIYO SHABA

Hesabu ya dawa kwa jamaa na kwa wanaojifunza kazi ya infirmiye

Tutie chupa mbili za siro ya parasetamoli juu ya meza. Zote mbili zina rangi moja na harufu moja, na mutoto anazipenda zote kwa sababu ni tamu. Kwa etiketi ya chupa ya kwanza wameandika 120 mg / 5 ml. Kwa etiketi ya pili wameandika 250 mg / 5 ml. Mama amezoea kumpa mutoto kijiko kimoja cha chupa ya kwanza. Siku anaponunua chupa ya pili na kumpa kijiko kile kile, amempa dawa mara mbili na zaidi. Yeye mwenyewe hakubadilisha kitu: kijiko ni kile, mutoto ni yule, homa ni ile. Chupa ndiyo imebadilika.

Watumikaji wa mina wanapashwa kufahamu jambo hili upesi kuliko watu wengine. Kamyo mbili zinatoka katika kariere, kila moja imebeba tani 30 za mabwe. Je, zimebeba shaba sawasawa? Hakuna mutumikaji atakayejibu ndiyo mbele ya kuuliza laboratwari. Kama mabwe ya kamyo ya kwanza yana shaba 2 kwa mia, ndani yake kuna kilo 600 za shaba. Kama ya pili yana 4 kwa mia, ndani yake kuna kilo 1 200. Kamyo ni moja, lakini shaba si moja.

Siro ni vile vile. Kijiko ni kamyo, na miligramu ndizo shaba. Ile namba ya etiketi, 120 mg / 5 ml, ndiyo jibu la laboratwari: inasema kama katika kila mililita 5 za maji haya matamu kuna miligramu 120 za dawa ya kweli. Tutaiita nguvu ya dawa. Mutu asiyesoma nguvu ya dawa anahesabu kamyo bila kujua shaba.

Basi tuanze kwa vipimo. Gramu 1 ni miligramu 1 000. Miligramu 1 ni mikrogramu 1 000. Litre 1 ni mililita 1 000. Gramu na miligramu zinapima uzito wa dawa. Litre na mililita zinapima nafasi ambayo maji yanachukua. Mutu akisema «nilimupa mutoto mililita 5», hajasema bado alimupa dawa kiasi gani. Kinini cha parasetamoli cha 500 mg ni nusu gramu. Mutu mukubwa mwenye afya asipitishe gramu 4 kwa siku moja, maana yake vinini 8 vya namna hiyo, na hapo ndiyo mwisho kabisa.

Kwa mutoto, dawa nyingi zinahesabiwa kufuatana na kilo zake. Parasetamoli inatolewa miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo, kwa mara moja. Kati ya mara moja na ingine tuache saa 6, na tusipitishe mara 4 katika saa 24. Mutoto ana kilo 12. Tunazidisha: 15 mara 12 ni miligramu 180. Hii ndiyo shaba tunayotaka. Sasa tutafute kamyo ngapi zitaibeba.

Chupa ya kwanza ina miligramu 120 katika mililita 5. Tunachukua 180, tunazidisha kwa 5, tunapata 900. Tunagawanya kwa 120, tunapata 7,5. Mutoto atapata mililita 7 na nusu. Chupa ya pili ina 250 katika mililita 5. Tena 180 mara 5 ni 900. Tunagawanya kwa 250, tunapata 3,6. Mutoto yule yule, homa ile ile, mililita 3,6 tu. Hii ni kanuni ya tatu, ile watoto wetu wanaileta kila siku kutoka shuleni na kuifanya kwa bei ya vitambaa na mafuta. Mwenye kumaliza shule ya musingi anaijua. Kunabaki kuitumia pale inapokomboa.

Kuna tena chupa ya tatu, ile ndogo yenye kuwa na pipeti kwa ajili ya watoto wadogo sana. Juu yake wanaandika 100 mg / 1 ml. Mutazame vizuri: si kwa mililita 5, ni kwa mililita 1. Kwa mutoto wetu wa kilo 12, miligramu 180 ni mililita 1,8 tu. Mutu akitupa pipeti na kuchukua kijiko cha mililita 5, mutoto anameza miligramu 500 kwa mara moja, karibu dozi tatu. Chupa iliyo ndogo kuliko zote ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kwa hiyo kipimo kinachokuja na chupa, kikiwa pipeti, kikombe kidogo ao kijiko cha plastiki, kinakaa na chupa yake mpaka dawa imalizike. Vijiko vya jikoni havitengenezwi kwa kupima. Kimoja kinashika mililita 3, kingine 7. Kama kipimo cha chupa kimepotea, ombeni serenge isiyo na sindano kwa dispanseri.

Wengine watauliza: parasetamoli, dawa ya kila siku, inaweza kumufanya mutu nini? Inaweza kuharibu ini. Na hatari yake ni kama inanyamaza. Siku ya kwanza mugonjwa anaweza kutapika kidogo, ao asionyeshe kitu chochote, na jamaa wakafurahi kama homa imeshuka. Ini linaharibika katika siku zinazofuata. Kuna dawa ya kuzuia, asetilsisteini, lakini inafaa zaidi ikiwa imetolewa katika saa 8 za kwanza. Basi mukiona kama mutoto amekunywa siro mingi, musingojee dalili. Mumupeleke hospitali palepale, pamoja na chupa, hata ikiwa tupu, kwa maana infirmiye ataihitaji ili afanye hesabu.

Karne tano zimepita tangu Paracelsus, dokta aliyezaliwa Uswisi katika mwaka 1493, alipofundisha kama ni kiasi tu kinachoachanisha dawa na sumu. Inafaa watu wa mina wamujue kwa sababu ingine pia: alikaa karibu na wachimbaji na wayeyushaji wa madini, na aliandika kitabu juu ya magonjwa ya mapafu yao, kilichotolewa katika mwaka 1567 nyuma ya kufa kwake.

Tuseme sasa baba anatumika posti ya usiku. Saa 12 ya jioni, mbele ya kwenda, anampa mutoto dozi yake. Saa 2, bibi anamukuta mutoto ana moto, hajui kama baba amekwisha kutoa, anampa dozi ingine. Saa 4, mama anarudi kutoka kwa kilio, naye anatoa. Watu watatu, kila mutu ametoa dozi ya haki, na jumla ni dozi tatu katika saa 4. Kwa mutoto wetu wa kilo 12 ni miligramu 540, na kwa siku nzima hapashwi kupitisha 720. Hesabu ya kila mutu ilikuwa nzuri; iliyokosekana ni hesabu ya nyumba. Dawa yake ni rahisi: karatasi moja iliyofungwa kwa chupa na kauchu, mutu anaandika saa, mililita na jina lake. Katika kazi, posti inayotoka inaandika katika kitabu yale iliyofanya, ili posti inayoingia isiyarudilie. Kwa nyumba iwe vile vile. Na muangalie siro za kikohozi na mafua: nyingi zina parasetamoli ndani, hata kama jina kubwa la boksi ni lingine.

Sasa juu ya kilo. Wazazi wengine wanakuja dispanseri na kusema «mutoto ana miaka miwili», wanafikiri inatosha. Mutoto wa miaka miwili anaweza kuwa na kilo 9, mwingine wa siku moja naye akawa na kilo 13. Basi mutoto apimwe kila mara anapougua, kwa maana kilo zilizoandikwa katika fishi yake miezi sita iliyopita si kilo za leo. Kama kwa nyumba kuna mizani ya mutu mukubwa tu, mama apande peke yake, kisha apande akibeba mutoto, na atoe namba ya kwanza katika ya pili. Mizani ya sokoni haitambui kitu kidogo, lakini ni bora kuliko kupima kwa macho. Na kwa mutoto asiyefikisha miezi mitatu, hakuna hesabu ya nyumbani: akiwa na homa, aende hospitali.

Dawa ya malaria yenye jina la artemeteri na lumefantrini inaonyesha hesabu ya namna ingine, ile ya kuhesabu vinini. Kinini cha 20/120 kinatolewa hivi: mutoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15, kinini 1 kwa mara moja, kilo 15 mpaka chini ya 25, vinini 2, kilo 25 mpaka chini ya 35, vinini 3, kuanzia kilo 35, vinini 4. Ni mara mbili kwa siku, siku tatu, maana yake mara 6. Na mara ya pili inafuata ya kwanza nyuma ya saa 8. Basi mutoto wa kilo 12 anahitaji vinini 6. Mutoto wa kilo 18 anahitaji 12. Baba anahitaji 24. Mukipokea dawa, hesabuni mbele ya kutoka. Na hesabu hii inafunua desturi mbaya tunayoijua sote: boksi moja ya vinini 24 inanunuliwa, baba anameza siku moja na nusu, anajisikia vizuri, anamuachia muke wake vinini 12 vinavyobaki. Hapo hakuna mutu mumoja aliyetibiwa. Kuna watu wawili wenye nusu ya dawa, na kimelea cha malaria kinabaki na nguvu ndani ya wote wawili.

Kipimo cha maji nacho kinafanya kazi yake. Pakiti ya chumvi ya kuharisha, ile kubwa, inataka litre 1 ya maji safi. (Kuna ndogo za nusu litre, etiketi inasema.) Wengi wanapima na chupa kubwa ya bia, wakidhani ni litre. Soma chini ya etiketi: ni santilita 72 ao karibu hapo. Pakiti ya litre ikitiwa katika santilita 72, maji yanakuwa na nguvu karibu mara 1,4, na chumvi nyingi kwa mutoto aliyekauka inamuzidishia shida. Tafuteni chupa ya maji yenye kuandikwa 1 L, ao chupa mbili za nusu litre, muiweke kwa kazi hiyo.

Yafuatayo ni kwa vijana wetu walio shuleni kwa kazi ya infirmiye, lakini jamaa wanaweza kusoma pia. Wataelewa kwa nini infirmiye anachukua karatasi na kalamu mbele ya kupiga sindano.

Malaria kali inatibiwa na artesunati ya sindano. Mutu mwenye kilo 20 na zaidi anapata miligramu 2,4 kwa kila kilo. Mutoto asiyefikisha kilo 20 anapata miligramu 3. Anapewa pale anapofika, tena nyuma ya saa 12, tena nyuma ya saa 24, kisha mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza. Kwa nini mudogo anapata zaidi kwa kila kilo? Mwili wake unaitoa dawa upesi. Shirika la Afya la Dunia liliandika kanuni hii katika mwaka 2015. Mwenye kujifunza mbele ya hapo alijifunza 2,4 kwa wote. Flakoni yenye kuja na bikarbonati na maji ya chumvi ina miligramu 60. Ikichanganywa kwa kupita katika mushipa, mililita 1 inabeba miligramu 10. Ikichanganywa kwa sindano ya paja, maji ni kidogo, na mililita 1 inabeba miligramu 20. Flakoni ni ile ile, nguvu mbili! Mutoto wa kilo 14: 3 mara 14 ni 42. Kwa mushipa ni mililita 4,2. Kwa paja ni 2,1. Mutumikaji wa kilo 65: 2,4 mara 65 ni miligramu 156, ni mililita 15,6 kwa mushipa, na zinahitajika flakoni 3. Hospitali nyingi zina tablo iliyobandikwa kwa ukuta na namba zilizozungushwa kidogo kwenda juu. Mufuate tablo, lakini hesabu mujue kuifanya, kwa maana boksi za kampuni zingine zinachanganywa namna ingine na tablo ya ukuta haiwezi kuzijua zote.

Serumu inahesabiwa kwa matone. Musipa wa kawaida wa serumu unatoa matone 20 kwa kila mililita. Dokta ameandika litre 1 katika saa 8. Litre ni mililita 1 000, ni matone 20 000. Saa 8 ni dakika 480. Tunagawanya 20 000 kwa 480, tunapata karibu 42 kwa kila dakika. Kwa watoto kuna musipa mwembamba wa matone 60 kwa mililita, na huo una uzuri wake: hesabu ya matone kwa dakika ni sawa na mililita kwa saa. Mililita 30 kwa saa ni matone 30 kwa dakika, bila kutesa kichwa. Basi ndugu wanaolinda mugonjwa, tafadhali, musiguse ile gurudumu ndogo ili «dawa imalizike upesi twende nyumbani». Maji ya saa 8 yakiingia kwa saa 2, mapafu ya mutoto ao ya muzee yanaweza kujaa.

Tulifika kwa virgule, na hapa ndipo ninaomba musome polepole. Virgule ikisogea hatua moja, dawa inazidi mara 10 ao inapungua mara 10. Simon Stevin, mutu wa Bruges, alieneza Ulaya hesabu ya namna hii katika mwaka 1585, na tangu siku ile alama ndogo ya kalamu inabeba muzigo mukubwa. Digoksini, dawa ya moyo, ina kinini cha 0,25 mg. Mutu akiandika ,25 bila zero mbele, na karatasi ikakunjwa pale, mwingine anasoma 25. Akiandika 5,0 mg, mwenye haraka anasoma 50. Kwa hiyo tunaandika 0,25, siku zote na zero mbele. Na tunaandika 5, kamwe si 5,0. Mikrogramu tunaiandika herufi zote. Insulini, ambayo wazee wetu wa pansioni wenye ugonjwa wa sukari wanaijua, ina yuniti 100 kwa kila mililita, na inapimwa na serenge yake yenye alama za yuniti. Tusiandike «4 U», kwa kuwa ile U ikifungwa juu inakuwa zero, na mugonjwa anapata 40. Tunaandika «yuniti 4».

Mwishoni mwa hesabu, mutazame jibu kwa akili ya kawaida. Kama hesabu inakuambia ufungue flakoni 8 kwa mutoto mumoja, simama. Pengine ni kweli, lakini mara nyingi ni virgule. Kisha muombe mwenzako afanye hesabu yake mwenyewe, bila kumuonyesha jibu lako, na mulinganishe. Kumwambia «si ni 42?» hakufai: atasema ndiyo kwa heshima, zaidi kama wewe ni mukubwa wake. Mufundi wa umeme hatengenezi mashini mpaka ametia kufuli lake mwenyewe, hata kama mwenzake ametia lake. Hakuna anayeona hiyo ni matusi.

MAZOEZI

1. Mutoto ana kilo 16. Munampa parasetamoli miligramu 15 kwa kilo. Siro ni 120 mg / 5 ml. Mililita ngapi?

2. Mutoto ana kilo 22 na malaria isiyo kali. Vinini vingapi vya 20/120 kwa siku tatu zote?

3. Mama wa kilo 50 ana malaria kali. Artesunati miligramu ngapi, na flakoni ngapi za 60 mg zifunguliwe?

4. Serumu ya mililita 500 katika saa 4, musipa wa matone 20. Matone mangapi kwa dakika?

Majibu. 1: miligramu 240, ni mililita 10. 2: vinini 12. 3: miligramu 120, flakoni 2. 4: matone 10 000 kwa dakika 240, karibu 42.